Kumtahiri mtoto mchanga kwenye kliniki ya daktari: mama ana haki ya kuuliza

Mombasa, swali la kama mtoto wa kiume atatahiriwa huwa limeshajibiwa kabla hajazaliwa. Kinachobishaniwa nyumbani ni lini na wapi. Bibi anataka siku ya saba, siku ya akika, mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto, mambo yaishe pamoja. Baba ameuliza bei za hospitali kubwa, akaona kliniki ya daktari pale mtaani, Majengo au Kisauni, inatosha. Mama, ambaye ndiye atakayekesha na mtoto, anauliza kama chumba chenye kitanda kimoja na pazia kinafaa kukatiwa mtoto wa wiki mbili. Mara nyingi huambiwa ni woga wa uzazi. Mimi naona swali lake ni la haki, ingawa wanaomwambia asiogope nao wana hoja nzito.

Tuanze na hoja hiyo. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kuwa kwa watoto wachanga, kiwango cha kati cha matatizo ya tohara ni asilimia 1.5, na mengi yalikuwa madogo: damu kidogo, uvimbe, ngozi iliyobaki. Kwa wavulana waliokwisha kukua, kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 6. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2014, uliopitia rekodi za wanaume na watoto milioni 1.4, ulikuta matatizo chini ya asilimia 0.5 kwa waliotahiriwa wakiwa wachanga. Kwa waliotahiriwa wakiwa na umri wa mwaka 1 hadi 9, matatizo yalikuwa karibu mara 20 zaidi.

Sababu yake haina ajabu. Mtoto wa wiki mbili hutosheka na sindano ya ganzi kwenye shina la uume. Kwa kawaida hahitaji kushonwa, na kidonda chake hupona upesi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hurusha mateke, hushika kidonda, na mara nyingi itabidi alazwe usingizi kabisa. Dawa ya usingizi ndiyo inayodai chumba cha upasuaji, oksijeni na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tohara ya wachanga unaweka mpaka kwenye siku 60 za kwanza, kwa mtoto mzima wa afya. Hapo kliniki ina haki ya kusema inaweza.

Linalonishangaza ni jinsi mpaka huo unavyosahauliwa. Mzazi aliyesikia kuwa mtoto wa jirani alitahiriwa kliniki akatoka anacheka, anampeleka wake wa miaka miwili kwenye kitanda kile kile, kwa masharti yale yale. Au ndugu wawili wanapelekwa pamoja wakati wa likizo, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miezi minane, ili karamu iwe moja. Hao si wagonjwa wa aina moja hata kidogo, na daktari anayewapokea wote bila kuuliza lolote ameshajieleza mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 1.5. Hiyo ni namba ya kati tu. Katika mapitio yale yale kulikuwa na mahali ambapo matatizo yalikuwa sifuri na mahali ambapo yalifika asilimia 16. Nafasi kubwa hivyo kati ya mahali na mahali hailetwi na ngozi za watoto. Huletwa na mikono ya anayekata, vifaa vyake, na zaidi ya yote, mtoto gani alikubaliwa na yupi akarudishwa nyumbani.

Hapa ndipo ningemtaka mzazi atulie. Kabla ya wembe kuna maswali ambayo hayahitaji mashine yoyote. Je, mtoto alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa? Mtoto mchanga huja duniani na akiba ndogo sana ya vitamini hiyo, na bila hiyo damu haigandi sawasawa. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga huenda hakuichomwa. Je, macho na ngozi vina manjano? Siku ya saba watoto wengi bado manjano hayajawatoka, na uzito waliopoteza siku za kwanza wengine hawajaurudisha. Je, kwenye ukoo, hasa upande wa mama, kuna mwanamume ambaye jeraha dogo au jino lililong'olewa lilimtoa damu siku nzima? Ugonjwa wa damu kutoganda hurithiwa kupitia mama, naye mwenyewe anaweza asiwe na dalili yoyote. Na je, tundu la mkojo liko kwenye ncha, au liko chini ya uume? Likiwa chini, mtoto asitahiriwe, kwa sababu govi lile ndilo daktari wa upasuaji atakalolihitaji baadaye kurekebishia tundu. Kosa hilo hufanyika kwa dakika tano, na kulirekebisha kunaweza kudai upasuaji zaidi ya mmoja.

Kliniki isiyouliza haya haiokolewi na vigae vinavyong'aa. Inayouliza yote, ikatakasa vifaa vyake inavyotakiwa na ikatumia ganzi isiyochanganywa na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, inaweza kuwa ndani ya nyumba ya kawaida huko Bondeni na ikafanya kazi salama.

Hata kifaa kiulizwe. Ringi ya plastiki inayofungwa kwa uzi huanguka yenyewe baada ya siku tano hadi kumi. Isipoanguka au ikiteleza, mtoto arudishwe haraka. Klempu za chuma, yaani vibanio, humaliza kazi papo hapo, lakini mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya aina mbili zinazotumika sana, Gomco na Mogen, baada ya watoto kuumizwa. Sehemu zisizolingana za Gomco huachia, na Mogen inaweza kunasa kichwa cha uume pamoja na govi. Fundi anayekijua kifaa chake hatakasirika ukimuuliza.

Upo pia upande unaosema mtoto asiguswe kabisa. Mombasa hausikiki sana, lakini si upande wa wapumbavu. Chama cha madaktari wa Uholanzi kilisema mwaka 2010 kuwa tohara ya watoto isiyo ya matibabu haina faida ya kutosha. Mwaka 2012 mahakama ya Köln, Ujerumani, ilitoa hukumu kuhusu mvulana wa miaka minne aliyetahiriwa na daktari kwa sababu ya dini, akatokwa damu siku mbili baadaye akapelekwa hospitali. Mahakama ilikiri kuwa kazi yenyewe ilifanywa sawa, ikamwachia daktari huru, ila ikasema kitendo ni kuumiza mwili wa mtoto. Kelele za Waislamu na Wayahudi zilifanya bunge lipitishe sheria ya kuruhusu kabla mwaka haujaisha.

Uzito wa hoja yao uko kwenye faida. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, Uganda, yaliyoonyesha tohara inapunguza maambukizi ya VVU kwa karibu asilimia 60 yalifanywa kwa watu wazima. Mtoto mchanga hana haraka hiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo hupungua, lakini ni lazima utahiri watoto kama 100 ili umkinge mmoja. Kwa hiyo daktari anayemuuzia mzazi tohara ya mchanga kama chanjo anatia chumvi. Hoja ya maumivu nayo ni ya kweli: utafiti wa Canada wa 1997 ulikuta waliotahiriwa bila ganzi walionyesha maumivu makali zaidi walipochanjwa miezi kadhaa baadaye. Mimi siwezi kumkubali anayesema mchanga hasikii. Lakini kwa familia ambayo itamtahiri kijana wake kwa vyovyote, kungoja kunamsogeza kwenye umri wenye matatizo mengi zaidi, na hilo wapinzani huliruka.

Kuhusu siku ya saba, wazee wasishike wembe mapema. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa Pwani wanayafuata, yanaona tohara ni wajibu na siku ya saba ni sunna, lakini mtoto dhaifu hungojewa mpaka apate nguvu. Akika inaweza kuchinjwa na tohara ikaja wiki ya tatu.

Kisha kuna usiku wa kwanza. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250, haijazi chupa ndogo ya soda. Akipoteza mililita 25, vijiko vitano vya chai, ameshaanza kuelekea hatarini, na pampasi nene inaweza kuificha damu hiyo yote. Kwa hiyo afadhali nepi ya kitambaa cheupe usiku huo, ifunguliwe kila mara. Damu isiyokoma baada ya kubana kwa dakika kumi si ya kungojea asubuhi. Mzazi wa Likoni apige hesabu ya feri, achukue namba ya simu ya daktari mwenyewe badala ya ya mapokezi, na aulize waziwazi nani atafungua mlango saa nane usiku. Na ikiwa anapewa nafasi mbili, asubuhi ya Jumatatu ni bora kuliko jioni ya Ijumaa.