Reli ya Vinschgau: nyaya za umeme zina faida, ila si zilizoifufua

Bonde la Vinschgau, kaskazini mwa Italia, ambalo Waitalia huliita Val Venosta, lina reli ya kilomita 60 hivi kutoka Merano hadi Malles. Imeamuliwa iwekewe nyaya za umeme badala ya treni za dizeli, lakini si nyaya zilizoirudishia uhai. Ilifunguliwa mwaka 1906, bonde likiwa bado chini ya Austria, na mpango ulikuwa ivuke milima hadi Landeck, Austria. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mpaka ukahama, na kipande cha Landeck hakikukamilika. Ikabaki kama kichochoro kilichozibwa upande mmoja.

Mwaka 1990 shirika la reli la taifa likasitisha treni za abiria. Waliotetea uamuzi ule walisema abiria ni wachache, na walikuwa wachache kweli. Lakini treni nazo zilikuwa chache na mabehewa makuukuu. Ukihesabu abiria wa huduma kama hiyo, unahesabu wenye subira tu.

Jimbo la Bolzano likaichukua reli na kuifungua upya Mei 2005, kwa treni nyepesi za dizeli kutoka kampuni ya Stadler ya Uswisi. Reli na mataruma vilitengenezwa upya, lakini kwangu kazi kubwa ilikuwa ratiba: treni kila saa, dakika ileile, na basi likiwa linasubiri nje ya stesheni. Ukishuka Malles unapanda basi la posta la Uswisi hadi Zernez, ng'ambo ya mpaka. Kichochoro kikatobolewa, japo kwa matairi.

Ratiba hiyo ina udhaifu wake. Njia ni moja, kwa hiyo treni zinapishana stesheni tu. Inayopanda ikichelewa dakika tano, inayoteremka itakaa ikiingoja, ifike Merano imechelewa, na abiria anayeunganisha kwenda Bolzano aione treni yake ikiondoka. Nyaya za umeme haziondoi tatizo hilo. Kinachosaidia ni sehemu zaidi za kupishana.

Basi umeme wa nini? Reli inapanda mita 700 hivi, na treni ya dizeli hubeba mtambo wake wa nguvu. Abiria walipojaa, uwezo wake ukafika ukomo. Treni ya umeme hupanda kwa nguvu zaidi, na ikiteremka breki zake hurudisha umeme kwenye nyaya. Bonde nalo halikosi maji: kituo cha kufua umeme cha Töll kipo tangu mwisho wa karne ya 19. Umeme uliochaguliwa ni wa kilovolti 25 za mkondo geu (AC), kama ule wa SGR ya Tanzania, ilhali njia ya Merano–Bolzano inatumia kilovolti 3 za mkondo mnyoofu (DC). Treni inayotaka kwenda moja kwa moja lazima imudu aina zote mbili, na hiyo ni gharama.

Gharama nyingine iko kwenye mahandaki. Yalichimbwa kwa treni za mvuke, kwa hiyo nafasi ya waya juu ni finyu na inabidi itafutwe. Miteremko nayo inataka fedha: tarehe 12 Aprili 2010, kati ya Latsch na Kastelbell, udongo uliolowa kwa maji ya bomba la umwagiliaji uliporomokea treni, watu 9 wakafa. Nguzo za umeme hazizuii udongo.

Kibaya zaidi, ujenzi hulazimu kufunga njia na kuwapandisha abiria mabasi. Mtu aliyeliacha gari lake kwa sababu ya treni ya kila saa hulirudia haraka sana, na waya ukishakamilika bado atakuwa barabarani.