Kiti cha Seneti hakitoshi, wanafunzi waingie vikao vya idara

Wiki iliyopita chuo kimoja hapa nchini kilitoa tangazo kwamba sapu, ile mitihani ya kurudia kwa waliofeli, hazitasubiri tena likizo ndefu iishe. Zitafanyika katikati ya field, yaani mafunzo ya vitendo. Maana yake mwanafunzi aliyepangiwa Kigoma afunge safari hadi Dar kwa nauli yake, afanye mtihani wa saa tatu, kisha arudi Kigoma. Mpwa wangu ni mmoja wao, na bumu la field lenyewe, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Ila kilichoniumiza zaidi ni mstari wa mwisho wa tangazo: uamuzi umepitishwa na Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni, wawakilishi wa wanafunzi wakiwemo.

Nikamtafuta mmoja wa wawakilishi hao. Kijana muungwana, mwaka wa tatu. "Kaka, kabrasha nilipewa asubuhi ile ile naingia kikaoni. Hilo la sapu lilikuwa huko mwishoni. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja, watu kimya, tukaendelea."

Simlaumu hata kidogo. Jambo la kitaaluma linapofika Seneti limeshapikwa na kuiva. Limeanzia idarani, likapanda bodi ya kitivo, likapita kwenye kamati, na njia nzima hiyo hakuna mwanafunzi aliyeulizwa. Halafu anaitwa mmoja, mwenye muhula wa mwaka mmoja, akae katikati ya maprofesa waliozoea vikao hivyo tangu hajazaliwa. Hapo anatimiza akidi tu.

Penye uamuzi wenyewe ni idarani. Ndiko wanakopanga kozi ipi iwe ya lazima, test ziwe ngapi, nani asimamie tafiti za mwaka wa mwisho. Ni watu wachache kwenye meza moja, na sentensi moja ya mwanafunzi inaweza kugeuza jambo. Mhadhiri hajui kwamba wenzake wawili nao wameweka test wiki hiyo hiyo. Anayejua ni mwanafunzi, maana ndiye anayekesha. Hajui pia kwamba kitabu anachokitegemea kiko nakala moja maktaba, kurasa za katikati zimechanwa. CR, mwakilishi wa darasa, anayajua yote haya, lakini kazi tuliyomwachia ni kupeleka ujumbe wa mhadhiri kwenye grupu la WhatsApp.

Nakubali, maana sina budi, kwamba zinapojadiliwa alama za mtu mmoja mmoja mwanafunzi atoke nje. Sawa. Lakini ratiba ya mitihani si siri ya mtu, na mtaala si siri ya mtu.

Na haya madai hayakuanza na kizazi cha simu. Mwaka 1971 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa akiongoza DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa chuo hicho, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi kulalamikia uendeshaji wa chuo usiosikiliza watu. Mwongozo wa TANU ulikuwa umetoka mwaka huo huo, unakemea viongozi wenye kiburi na uonevu, na wanafunzi waliushika kama haki yao. Akivaga alifukuzwa, akachukuliwa na askari wenye silaha na kurudishwa Kenya. Kila nikiikumbuka habari hiyo huwa najiuliza tunaogopa nini kwa kijana anayetaka kuulizwa kuhusu masomo yake mwenyewe. Argentina wanafunzi wa Córdoba waligoma mwaka 1918 wakidai kushiriki katika uongozi wa chuo, na madai yao yakaenea nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Afrika Kusini sheria ya mwaka 1997 imewapa wanafunzi nafasi kwenye baraza na kwenye seneti. Huko nako mambo hayajanyooka yote, najua.

Kampeni za serikali za wanafunzi zinakuja. Mgombea akija na ahadi ya wifi na bonanza, mwulizeni kwanza kama atadai CR wa kila mwaka aingie kikao cha idara, apige kura, na kabrasha limfikie wiki nzima kabla. Na lile tangazo la sapu lifutwe sasa, kabla watoto wa watu hawajakopa nauli.