Wamebadilisha Mkanda

Nyie mnaosema mwanamuziki akisafiri akili inafunguka, njooni mnirudishie nauli yangu.

Mimi ni mpiga gitaa la solo wa bendi ya baa. Usiku nacharaza nyimbo za marehemu kwa walevi wanaonitunza noti ya elfu tano halafu wanaomba chenji. Mke wangu ndiye aliyenianza. "Baba Zawadi, unapiga kopi tu, hujatunga hata kibwagizo. Twende kwa mama, Matombo kule Morogoro, ukapumzike upate mzuka." Alivyolitamka, ungedhani mzuka unauzwa gulioni kwa mafungu.

Nikakubali, maana nilikuwa na hesabu zangu za treni. Ile reli ya Mjerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ni vipande vya chuma vilivyoungwa kwa bolti, na kwenye maungio pameachwa upenyo ili jua likiwaka chuma kipate pa kutanukia. Gurudumu likipita hapo linagonga: taka-taka, taka-taka. Drams ya bure kutoka Dar mpaka Moro, na mpigaji haombi posho wala halewi kabla ya onyesho. Nikapanga nikae dirishani nivune. Mwenzangu akaenda kukata tiketi za mchongoko, ile treni mpya ya umeme!

Jamani, ile treni haina muziki hata wa kulumagia. Vyuma vyake vimechomelewa vikawa kitu kimoja, inakwenda kilomita 160 kwa saa na chai kikombeni haitikisiki. Nikaegesha sikio kwenye kioo nisikilize, mhudumu akaja kuniuliza kama naumwa. Sijapata hata mdundo mmoja, wanatangaza Morogoro. Abiria wote wanafurahi tumewahi. Tumewahi nini?

Na Morogoro usishuke na gitaa begani, utatahiniwa. Bodaboda wa kwanza kuniona akaniuliza kama nimekwenda kuhiji kwa Mbaraka Mwinshehe. Wa pili, mzee kidogo, akadakia kwamba kabla ya Mbaraka kulikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, tusisahau. Wakabishana pale mpaka wakakubaliana jambo moja tu, kwamba Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka, walifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. "Na wewe na gitaa lako umefika wapi?" Nikamwambia Mbagala Rangi Tatu. Akanipandishia nauli.

Matombo kuzuri, sikatai. Uluguru ule pale na ukungu wake, ndizi, machungwa, maji yanatiririka. Nikaenda kukaa mtoni na gitaa nisubiri mzuka. Mto unasema shwaa asubuhi, shwaa mchana, shwaa jioni, hauna ubeti wala kiitikio. Ndege nao kila mmoja kaingia kwa sauti yake, inaonekana mazoezini hawafiki. Watoto wakaja wakaniomba wimbo fulani wa Bongo Flava, nikasema siujui. Wakanihurumia, wakaondoka.

Ndipo mama mkwe akaagiza mahindi yapelekwe mashineni.

Kijijini pale kuna mashine ya dizeli ya kizamani, injini huku, kinu kule, katikati mkanda mpana uliokatika zamani ukaungwa kwa pini za chuma. Injini inahesabu tatu: tu-ku-ku, tu-ku-ku. Lile ungio la mkanda kila likipita kwenye gurudumu linachapa: pa! Sasa hiyo pa ndiyo iliyoniua, maana inakuja kila baada ya mapigo manne. Kwa hiyo inaangukia moja, ikija tena inaangukia mbili, halafu tatu, halafu hiyoo, imerudi moja! Nimepiga dansi tangu sijaota ndevu, sijawahi kusikia drams mwenye kichwa cha namna ile. Solo ikaanza kunitembea vidoleni yenyewe. Unga ulipokwisha kushuka nilikuwa bado nimeegemea ukuta, foleni nzima inanitazama.

Tatizo, mashineni huwezi kusimama bure, watasema unataka kuiba. Lazima uwe na cha kusaga. Kesho yake nikajitolea kupeleka debe jingine. Keshokutwa jingine. Mahindi ya nyumbani yalipokwisha nikanunua kwa jirani. Mama mkwe akawa ananisifia kisimani: mkwe wangu mtu wa mjini lakini kazi anaiweza! Majirani waliposikia wakaleta na ya kwao. Mtunzi mzima nabeba madebe ya kitongoji kichwani, shikamoo mama, hodi mama, unga wenu huu hapa.

Mke wangu akaona huyu lazima kapata mwanamke mashineni. Akaninyemelea. Akanikuta nimefumba macho, mweupe pee kwa unga, nimeng'ata mdomo, napiga gitaa kwenye tumbo langu mwenyewe. Hakusema kitu. Jioni nikamsikia anamwuliza mama yake kama yule mganga wa zamani bado yu hai.

Nikavumilia. Beti mbili zimekaa, chemko, pale wimbo unapochanganya watu wacheze, ndiyo inataka kuingia. Nikafika mashineni na debe langu, nasikia vuuuuu. Vuuuuu! Mwenye mashine anakenua kuanzia mlangoni.

"Shemeji, nilikuonea huruma. Kila siku unasimama unautazama mkanda wangu, nikajua unaogopa utakatika ukuchape. Nimeuza mbuzi, nimenunua mpya."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Nikamshukuru. Nikasaga debe langu kwa vuuuuu, nikaenda kulala mchana.

Msiniambie habari za simu, nilirekodi. Ukisikiliza, injini ni mngurumo mtupu na mkanda haumo kabisa. Kilichomo ni kina mama wa kwenye foleni wanamsema mmoja aliyerudi kwa mumewe mara ya tatu. Hayo ndiyo nimeyafanya mashairi, na ni matamu.

Tumerudi Dar na magunia ya dona mpaka uvunguni. Mazoezini nikamwelekeza drams: mguu uhesabu tatu, rimu, ule ukingo wa ngoma, igonge kila ya nne. Akajaribu mpaka fimbo ikamtoka mkononi, akauliza kama Matombo nilikula uyoga. Nikampigia simu mwenye mashine, nikamwuliza ule mkanda wa zamani uko wapi. Upo, anasema, kaufungia geti la banda la kuku. Ila kama una kazi nao tuongee, maana kuna mbuzi wake hapo katikati. Sasa kila asubuhi kabla sijanawa uso ujumbe umeingia: shemeji habari za kuamka, wimbo umefikia wapi, na mbuzi je?

Kiongozi wa bendi amekubali tuupige Ijumaa. Mashairi kayapenda, solo kaipenda. Kasema kitu kimoja tu kitolewe, hiyo pa, inawapoteza wapenzi hatua.

Kwa hiyo Ijumaa tunaupiga bila pa. Mtakaokuja mje na mifuko, dona nitakuwa nimeipanga pale mlangoni, kilo kwa bei ya kutupa.