Bingwa wa Themi na Banda la Kibosho: Mashindano ya Ng'ombe Yanatufundisha Kutamani Nini?

Katika mabanda ya mifugo ya viwanja vya Themi, Arusha, wakati wa maonesho ya Nane Nane, nilisimama kwa muda mrefu nikimtazama kijana mmoja akimwandaa ng'ombe wake wa Friesian kwa mashindano. Alimwosha miguu kwa maji ya ndoo na sabuni ya unga, akamsugua kwato kwa brashi, akamchana manyoya ya mkiani mpaka yakatengana, kisha akamfuta kiwele kwa kitambaa chenye maji kama mama anavyomfuta mtoto uso. Mwamuzi alipofika aliinama, akaweka kiganja chini ya kiwele, akatazama umbali uliopo kati ya chuchu na kifundo cha mguu wa nyuma, akarudi hatua tatu na kuomba ng'ombe atembezwe. Pembeni yangu, kwenye uzio, mama mmoja aliyesema ametoka Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, alimuuliza yule kijana: “Mwanangu, huyu anakula nini kwa siku?” Kijana akajibu kwa adabu: “Anakula vizuri, mama.” Mama hakuridhika. “Vizuri ni kilo ngapi?” Hakujibiwa, kwa sababu ng'ombe alikuwa tayari ameitwa mbele ya majaji.

Nimeendelea kulifikiria swali lile, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi wa Kanda ya Kaskazini, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hatujalijadili vya kutosha. Tunajadili nani ameshinda na kama ameshinda kwa haki, lakini hatuulizi utepe anaovishwa ng'ombe mshindi unamfundisha mfugaji aliyesimama kwenye uzio atamani ng'ombe wa namna gani, wakati yeye ndiye atakayerudi nyumbani na kuuza mahindi au ndizi ili anunue mtamba.

Wanaoyatetea mashindano haya wana hoja nzito, na haifai kuzipita juu juu. Umbo la ng'ombe wa maziwa si pambo. Kiwele kilichoshikwa vizuri, kisichoning'inia chini ya kifundo cha mguu, hakiburuzwi kwenye tope wala hakikanyagwi wakati ng'ombe anainuka, na kwa hiyo hakishambuliwi kirahisi na ugonjwa wa kiwele. Miguu imara ya nyuma humwezesha ng'ombe kusimama miaka mingi kwenye sakafu ya banda bila kuchechemea. Ndiyo sababu kadi ya alama inayotumiwa Marekani kwa ng'ombe wa maziwa hutenga alama 40 kati ya 100 kwa kiwele peke yake na 20 kwa miguu na kwato za nyuma, wakati alama 25 huenda kwa nguvu ya umbile la kimaziwa na 15 kwa fremu ya mwili. Kwa maneno mengine, alama 60 hutolewa kwa viungo vinavyoamua ng'ombe atadumu zizini muda gani, na jicho la mwamuzi aliyefunzwa huona hapo mambo ambayo mfugaji asiye na uzoefu hugundua baada ya mzao wa pili, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Kuna pia elimu ya kulinganisha, ambayo hakuna kipeperushi kinachoweza kuitoa. Mfugaji wa Machame au wa Poli mwenye ng'ombe wawili ndani ya banda huwajua hao wawili na wa jirani yake, basi. Anapomwita mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume kwa mrija, hununua mbegu za dume ambalo hajapata kuona hata binti yake mmoja. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo USA River, mwendo mfupi tu kutoka Themi, lakini kwa wafugaji wengi mbegu ile hubaki kuwa mrija uliotoka kwenye mtungi wa baridi kali. Akiwaona mabinti wanne wa dume mmoja wamesimama kwenye mstari, akatazama viwele vyao na miguu yao, anaelewa mara moja kuhimilisha ni kuchagua nini. Sidhani kama semina ya siku tatu ingemfikisha hapo.

Ugumu unaanzia kwenye swali la yule mama. Ng'ombe wa maziwa huhitaji kila siku chakula kikavu cha takriban asilimia 3 ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 400 atahitaji kilo 12, na kwa kuwa majani ya tembo mabichi huwa na maji kiasi cha asilimia 80, hizo ni kilo 60 za majani yaliyokatwa leo na kubebwa leo. Ng'ombe wa kilo 600, ambaye ndiye anayejaza macho uwanjani, atahitaji kilo 90. Mkulima mwenye trekta na shamba la malisho anaweza kuipuuza tofauti hiyo ya kilo 30. Huko Kibosho, Marangu au Old Moshi, ambako kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa kwa wana na wajukuu na ng'ombe hula majani yaliyokatwa kando ya mfereji pamoja na vipande vya migomba, kilo 30 za ziada ni mzigo mwingine mzima kichwani mwa mtu, mara nyingi mwanamke, kila siku ya Mungu, kiangazi na masika.

Na asipoupata mzigo huo, si maziwa pekee yanayopungua. Ng'ombe mkubwa aliyejengwa kwa ajili ya kutoa maziwa mengi huanza kuuteketeza mwili wake mwenyewe baada ya kuzaa. Hukonda, haoneshi joto, yaani dalili za kutaka dume, na akipandishwa hashiki mimba. Wazee walisema ng'ombe wa maskini hazai. Msemo huo tumeuchukua kama habari ya bahati mbaya, lakini ukimtazama ng'ombe kwa karibu utaona una ukweli wa kimwili ndani yake: hazai kwa sababu njaa imemzidi. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280, na ili azae kila mwaka anatakiwa kushika mimba ndani ya siku 85 hivi baada ya kuzaa, yaani katika majuma yale yale ambayo kiwele kinamdai zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Ng'ombe mkubwa anakamuliwa wastani wa lita 20 kwa siku 305, kisha anaendelea kutoa lita 5 kwa siku 150 nyingine kwa sababu hana mimba ya kumkausha, na anazaa tena baada ya siku 610. Wastani wake kwa kila siku ya maisha hayo ni lita 11 na ushee. Ng'ombe mdogo, chotara wa Jersey tuseme, anatoa lita 13 kwa siku 305 lakini anazaa kila baada ya siku 380. Wastani wake ni lita 10 na ushee. Pengo kati yao halifiki lita moja, wakati mmoja anakula mara moja na nusu ya mwenzake. Katika miaka mitano mkubwa atakuwa amezaa ndama watatu na mdogo anakaribia watano. Siku ya maonesho, hata hivyo, lita 20 ndizo zitakazotangazwa kwenye kipaza sauti, na ndama ambao hawakuzaliwa hawana pa kusimama uwanjani wakaonekana.

Hali ya wafugaji wa Longido, Monduli na Simanjiro ina sura yake, ingawa inatokana na mzizi huohuo. Dume kubwa la Boran limewaongezea wengi uzito wa ng'ombe, na mnadani uzito ni fedha. Huo ni ukweli na sina ugomvi nao. Lakini ukame wa mwaka 2009 na ule wa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022 uliwaonesha watu wa maeneo hayo kwamba mwili mkubwa unadai maji na nyasi nyingi, na kwamba Zebu mdogo wa asili ana sifa ya kutembea mbali na kuvumilia kiu ambayo hakuna mwamuzi anayeweza kuipima kwa dakika kumi kwenye uwanja wenye bomba la maji.

Lipo pia suala la ng'ombe mwenyewe. Katika nchi zenye mashindano makubwa, mojawapo ya makosa yanayojulikana ni kuacha kumkamua ng'ombe kwa saa nyingi ili kiwele kionekane kimejaa na kukaza mbele ya mwamuzi. Uswisi imefikia hatua ya kupima viwele kwa mashine ya ultrasaundi ili kubaini uvimbe unaotokana na tendo hilo. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo ingetosha kuwa msingi wa kanuni moja fupi: ng'ombe wote wa maziwa wakamuliwe asubuhi ya mashindano, saa ileile, mbele ya mtaalamu. Kanuni hiyo haihitaji mashine. Inahitaji ndoo na saa.

Kuhusu magonjwa nitasema machache, kwa kuwa hatari yake iko wazi. Ng'ombe aliyekua ndani ya banda mlimani, asiyewahi kuumwa na kupe, hana kinga dhidi ya ndigana kali. Akifungwa siku nane karibu na ng'ombe waliotoka mbugani anaweza kurudi nyumbani na utepe shingoni na homa mwilini. Ugonjwa wa miguu na midomo hauhitaji hata kupe. Vibali vya kusafirisha mifugo na ukaguzi wa langoni husaidia, ila mfugaji mwenye ng'ombe mmoja ana haki ya kupiga hesabu yake na kuamua kutomleta. Hapo tunapata matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia: uwanja hujaa ng'ombe wa taasisi na wa mashamba makubwa, na yule anayefuga kama wafugaji wengi wa kanda hii wanavyofuga hubaki mtazamaji wa mashindano yanayosemwa kuwa ni yake.

Historia ya Uingereza, ambako desturi hii ilikomaa mapema, inatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Mwishoni mwa karne ya 18 watu walinenepesha mafahali na maksai kupita kiasi kwa ajili ya kutazamwa. Maksai mmoja maarufu, aliyeitwa Durham Ox, aliyezaliwa mwaka 1796, alizungushwa nchini kwa gari maalumu kwa miaka kadhaa watu wakilipa kiingilio ili wamwone. Klabu ya Smithfield ilianza London mwaka 1798, na kwa miongo mingi wakosoaji walilalamika kwamba washindi wake walikuwa mafuta matupu. Hata hivyo, ni katika mwamko huohuo ambapo mwaka 1822 kilichapishwa kitabu cha kwanza cha nasaba za ng'ombe, cha aina iitwayo Shorthorn, na kuanzia hapo mnunuzi akaweza kuuliza mama wa dume hili ni nani, na babu yake ni nani. Mashindano yalizaa upuuzi na yakazaa kumbukumbu. Sisi tumechukua utepe, na kitabu bado.

Najua pingamizi litakalotolewa, na lina uzito: kumbukumbu hudanganya. Mwenye ng'ombe anaweza kuandika lita 25 kwenye daftari akiwa amekamua 15, wakati kiwele kilichopo mbele ya mwamuzi hakijui kusema uongo. Ni kweli, lakini tarehe za kuzaa ni ngumu zaidi kughushi kuliko lita, kwa sababu ndama huonekana na majirani na mhimilishaji ana kadi yake. Aidha, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu mwaka 2010, na hereni za masikioni zimeanza kuvalishwa. Hereni yenye namba ikiunganishwa na tarehe za kuhimilishwa na kuzaa itatupa sehemu kubwa ya tunachokitafuta, hata kabla hatujakubaliana namna ya kupima maziwa.

Kwa hiyo simo katika kundi la wanaotaka mashindano yafutwe, wala siridhiki na namna yanavyoendeshwa. Ningependa nusu ya alama ibaki kwa jicho la mwamuzi, na nusu itoke kwenye karatasi inayokuja na ng'ombe: umri alipozaa mara ya kwanza, idadi ya ndama, siku kati ya mzao na mzao, na kilo za majani, pumba na mashudu anazokula. Na liwepo kundi la wafugaji wa ng'ombe mmoja hadi watatu, ambao hawatasafirisha mnyama yeyote kwenda Themi. Uingereza wana mashindano ya namna hiyo, mwamuzi akiwafuata ng'ombe shambani. Kwetu angepanda mlimani mwezi Juni au Julai, akaingia bandani, akatazama sakafu, hori na kiwele, akauliza majani yanatoka wapi na nani anayeyabeba. Mshindi aje Themi na picha ya ng'ombe wake na daftari, apewe nafasi uwanjani, saa ileile ya paredi, aeleze amefanyaje.

Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo wengi watakuja bila karatasi. Waruhusiwe kushindania utepe wa umbo, kwa kuwa umbo nalo ni jambo la kweli, ila ubingwa wa jumla usitolewe kwa ng'ombe ambaye mwenyewe hawezi kusema amezaa lini. Na mbele ya kila ng'ombe kitundikwe kibao cha mbao kilichoandikwa kwa chaki, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye uzio, uzito wake, ndama wake, na kilo anazokula kwa siku.