Nyota za Dereva ni Mali ya Nani?

Aprili 2022 Uber, kampuni inayounganisha abiria na madereva kwa programu ya simu, ilisimamisha huduma zake nchini Tanzania baada ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni hukata kwenye nauli ya dereva, ikarejea mwanzoni mwa 2023 ukomo huo ulipopandishwa hadi asilimia 25. Mjadala mzima ulikuwa wa asilimia. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi halikuguswa: sifa ya dereva inatunzwa na nani.

Kabla ya programu za simu, dereva wa teksi au bodaboda jijini Dar es Salaam alikuwa mtu wa kijiwe. Kijiwe kilikuwa na mwenyekiti, watu wake walichangishana penye msiba, na kilimjua nani wa kukabidhiwa abiria usiku wa manane. Tusikisifu kupita kiasi, kwani kijiwe hichohicho kilitoza kiingilio, kilimfungia njia kijana asiye na wa kumdhamini, na mgeni asiyejua nauli alilipishwa maradufu. Leo kijana wa Mbagala aliyepata pikipiki ya mkataba hubeba abiria Masaki bila kumpigia mtu magoti, na mwanamke anayechelewa kutoka kazini huona jina, picha na namba ya chombo kabla hajapanda. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kusubiri usafiri peke yake gizani.

Hata hivyo, sifa iliyokuwa vichwani mwa watu wa mtaa sasa imo katika kanzidata ya kampuni, kwa sura ya nyota ambazo abiria humpa dereva baada ya safari. Dereva akihamia kampuni nyingine huanza upya kama aliyeingia mjini jana. Akaunti yake ikifungwa, hana mwenyekiti wa kumwendea.

Kampuni zina hoja: nyota ni zao la mfumo walioujenga kwa gharama zao, na zikihamishwa ovyo zitaghushiwa. Naikubali hoja ya kughushi, lakini si ya umiliki, maana mfumo haukuendesha kwenye foleni ya Ubungo, aliyeendesha ni dereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Kuziona, hata hivyo, si kuondoka nazo. LATRA ingeweza kuzitaka kampuni zimpe dereva anayeondoka hati inayoonyesha idadi ya safari zake na wastani wa nyota zake, yenye namba ambayo kampuni ya pili inaweza kuihakiki.