Pombe kali ya asali: kinachokosekana ni muda

Asali nyingi ya Tabora huuzwa ikiwa asali, na sehemu yake huishia kwenye wanzuki, pombe ya kienyeji ambayo wenyeji hawahitaji kuelezwa. Kuna wanaotaka hatua moja zaidi: wanzuki ikenekwe, yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe, ipatikane pombe kali, kisha ilazwe, yaani iachwe itulie chomboni, miaka miwili mitatu kabla ya kuuzwa. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali, nyuma ya Ethiopia, kwa hiyo malighafi ipo. Tatizo linaanzia kwingine.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo huvunja ndoto nyingi. Kilo moja ya asali ina takriban gramu 800 za sukari, na iliyobaki karibu yote ni maji. Hata chachu ikifanya kazi yake yote, sukari hiyo haiwezi kutoa zaidi ya lita moja na robo hivi ya kinywaji chenye kilevi cha asilimia 40. Kwa mpikaji wa nyumbani, ambaye hupoteza kidogo kwenye pipa na kidogo kwenye bomba, kupata lita moja ni kazi nzuri. Kilo ya sukari ya dukani inatoa zaidi ya hapo, tena kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya asali. Ndiyo maana gongo ya mtaani hupikwa kwa sukari, mihogo, mabibo au chochote kilicho rahisi. Anayepika gongo ya asali ili ashindane kwa bei amekwisha kula hasara kabla hajawasha moto.

Kwa hiyo pombe hii haina sababu ya kuwepo isipokuwa iwe bora. Na ubora wake unaanza kupotea mapema. Asali haina chakula cha kutosha kwa chachu, hasa naitrojeni, kwa hiyo huchacha polepole na mpikaji mwenye haraka huipeleka jikoni ikiwa bado tamu. Sukari iliyobaki inaungua chini ya pipa na harufu ya kuungua inapanda na mvuke. Harufu ya maua nayo ni nyepesi. Moto ukizidi, kinachodondoka mwisho wa bomba ni kilevi kikali kisichokumbusha mzinga hata kidogo.

Hapo ndipo kulaza kunapohitajika. Pombe iliyotoka jikoni leo inachoma koo. Ikikaa kwenye chombo cha kioo, ukali unatulia taratibu. Ikikaa kwenye pipa la mwaloni inapata rangi na ladha ya mti, ingawa pipa jipya linaweza kuimeza asali yote ukabaki unakunywa mbao. Wapo wanaoniambia tutumie mninga au miti mingine ya miombo. Nasita. Kilevi cha asilimia 60 kinafyonza vitu kutoka kwenye mbao, na mti mzuri kwa kitanda si lazima uwe salama kwa kinywaji; upimwe kwanza. Na joto la Tabora si la Scotland, ambako pipa hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka. Huku kwetu pipa litapoteza zaidi.

Sasa mtazame mpikaji wa gongo alivyo. Kuanzia sheria ya mwaka 1966 inayohusu moshi, jina ambalo sheria hiyo inaiita gongo, kupika, kuuza au kukutwa na pombe hiyo bila leseni ni kosa. Mtu ambaye anaweza kuvamiwa usiku hawezi kuweka lita 200 ghalani kwa miaka mitatu. Anapika alfajiri, anajaza dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, na kabla ya jua kuzama hana hata tone ndani ya nyumba. Usalama wake unategemea kuuza haraka, na kuuza haraka ndiko kunakoua ubora. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotaka sheria ilegezwe, na sijaona aliyeijibu.

Wanaongeza kwamba hofu ya metanoli, aina ya kilevi chenye sumu inayoweza kuua, imeelekezwa pasipo. Metanoli ya kwenye uchachu hutokana hasa na pektini ya matunda, na asali karibu haina pektini. Vifo vingi vya halaiki hutokana na watu kuchanganya metanoli ya viwandani ili kuongeza ukali. Ni kweli, lakini haitoshi. Bomba lililoungwa kwa madini ya risasi lina sumu yake, na mnywaji hana namna ya kujua. Kile kipimo cha mtaani cha kumwaga kidogo na kuwasha kiberiti hakimsaidii, kwa sababu metanoli nayo huwaka.

Majirani wametuonyesha kwamba kuhalalisha peke yake hakuleti usalama. Uganda ilitunga sheria ya enguli, gongo ya kwao, mwaka 1965, wapikaji wakatakiwa kuwa na leseni. Upikaji wa vijijini bila leseni uliendelea. Kenya iliruhusu chang'aa, nayo ni gongo ya huko, kwa sheria ya mwaka 2010, kwa masharti ya viwango na vifungashio ambayo mama anayepikia nyuma ya nyumba hakuweza kuyatimiza. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye sumu, na Februari 2024 wakafa wengine Kirinyaga. Ukiacha sumu, kilevi chenyewe kinaleta saratani na kuvunja nyumba, hata kikiwa kimetoka kwenye asali safi. Anayesema tusiongeze pombe kali nyingine sokoni anasema jambo la maana.

Pamoja na hayo, naona ruhusa nyembamba inafaa: vyama vya ushirika vya wafugaji nyuki, si mtu mmoja mmoja jikoni kwake, mtambo mmoja unaokaguliwa, wa shaba au chuma kisichoshika kutu, kila toleo lipimwe kabla halijalazwa na kabla halijauzwa. Ulaya tayari inaitambua pombe kali ya asali kama aina inayojitegemea, yenye kilevi kisichopungua asilimia 35, kwa hiyo kipimo cha kuanzia kipo.

Kinachonitia wasiwasi ni nani atamlipa mfugaji nyuki wakati mapipa yamelala. Mfumo wa stakabadhi ghalani unaotumika kwenye korosho ungeweza kuazimwa: asali inapokelewa, mfugaji anapata stakabadhi na malipo ya awali, na ghala linafungwa kwa lakiri ya mamlaka ya mapato. Ila wakulima wa korosho wamewahi kulalamikia malipo kuchelewa, tena kwa zao linalouzwa msimu uleule. Hapa tunazungumzia kusubiri miaka mitatu. Kabla ya kugusa sheria ya 1966, fedha za kununulia asali ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu zinapaswa kuwa benki.