Mabaharia wa meli za mizigo mmewasahau

Makala yenu ya manowari za vita kuu ya pili ya dunia iko poa, ila wale wa meli za mizigo hamjawagusa kabisa. Chukueni meli ya mizigo Stephen Hopkins ya Marekani, imetoka zake Cape Town inaelekea Surinam, tarehe 27 Septemba 1942 ikakutana na Stier ya Wajerumani huko Atlantiki Kusini, meli ya vita iliyojifanya ya biashara. Stier ina mizinga 6 mikubwa, hawa jamaa wana mmoja tu wa maana, uko nyuma. Kapteni wa Hopkins, Paul Buck, akagoma kusimama, wakatwangana, na wapiga mzinga walipoanguka kadeti (mwanafunzi) wa injini Edwin O'Hara, dogo wa miaka 18, akaushika akafyatua makombora 5 yaliyobaki, naye akauawa hapohapo. Meli zote mbili zikazama, hata Stier jamani! Waliobaki wa Hopkins wakakaa siku 31 kwenye boti mpaka Brazili, wakafika 15. Halafu Marekani imekuja kuwapa mabaharia wa meli za mizigo hadhi ya maveterani (waliotumikia vitani) 1988, miaka 43 vita vimeisha, wengi washazikwa. Hapo ndo huwa naishiwa maneno.